Watoto Kumi na Tisa Waliokosekana Kwenye Orodha

Maneno yale niliyasikia kwenye mashine ya kusaga pale Msimbu, siku ya Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye foleni na debe langu la mahindi. Kidawa, jirani yangu anayeuza vitumbua mbele ya shule, alikuwa anawaambia wenzake kwamba watoto ambao majina yao hayakutoka kwenye orodha ya miwani ni wale ambao macho yao yameshakwisha. Wataalamu wamewapima, wameona hakuna la kufanya, basi wamewaacha kimya kimya ili wazazi wasipate presha. Alisema ameambiwa na mtu wa mjini. Mtu gani wa mjini, hakusema, na mimi sikuuliza.

Nikasaga, nikajitwika unga wangu, nikarudi nyumbani. Maneno yale nilirudi nayo. Nilisonga ugali nayo, nikafua nayo, kila nikijaribu kuyatupa yanarudi. Jina la mwanangu Biasha halikuwamo kwenye orodha ile.

Nawaandikia ninyi mlio shuleni, na mama zenu kama mtawasomea, kwa sababu nilichokifanya baada ya pale kilikuwa kosa juu ya kosa.

Biasha yuko darasa la sita. Ana miaka kumi na miwili. Tangu darasa la nne alikuwa haoni ubao vizuri, anainuka kwenye dawati, anakwenda mbele, anasoma mstari mmoja, anarudi kuandika, anainuka tena. Mwenzake wa dawati, Halidi, naye yuko vilevile. Wote wawili husogeza daftari mpaka linakaribia pua, na darasa zima liliwaita wazee wa baraza. Biasha alikuwa anacheka nao. Nyumbani hakuwa anacheka.

Mwezi wa tatu walikuja watu wa mradi wa macho. Ofisi yao iko Kibaha, na walipita shule nyingi za Kisarawe wakiwapima watoto kwa zile herufi zilizogeuzwa juu, chini, kulia na kushoto. Wazazi tuliitwa. Kijana aliyempima Biasha alisema wazi kwamba mtoto huyu anahitaji miwani. Akaandika kwenye kishikwambi chake, akaniuliza kitongoji ninachokaa. Nikamjibu, "Kwa Mwinjuma." Akatafuta, akatafuta tena, halafu akasema haya mama, tumemaliza.

Mwezi wa sita orodha ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo. Biasha hakuwamo. Halidi hakuwamo. Mwalimu mkuu akasema yeye ameletewa tu karatasi kutoka Kibaha, hajui zaidi ya hapo.

Sasa ongeza maneno ya Kidawa juu yake. Jumatatu ile ile jioni nilimnyang'anya Biasha vitabu na madaftari nikavifungia sandukuni, nikidhani kama macho yamebaki kidogo basi yasitumike. Jumanne na Jumatano sikumpeleka shule. Mama yake Halidi, Zena, alifanya kubwa kuliko langu. Alitwanga majani aliyoelekezwa na mtu, akamkamulia mtoto jichoni. Jicho likavimba likawa jekundu kama pilipili, ikabidi wakimbilie zahanati.

Kumbe dawa ya hofu yangu ilikuwa karibu muda wote. Binti wa dada yangu, Saida, amemaliza chuo cha kompyuta na anajitolea kwenye ofisi ile ile ya Kibaha. Kwa nini sikumpigia simu mapema? Niliogopa jibu. Mtu akiogopa jibu anaona afadhali abaki na uvumi. Ni Biasha mwenyewe aliyesema, Jumatano usiku tukila, kwamba kama macho yake yamekwisha basi dada Saida atakuwa anajua, na yeye anataka kuambiwa. Nikanawa mikono, nikaanza kutafuta nauli.

Alhamisi tukaondoka alfajiri, na saa nne na nusu tulikuwa Kibaha.

Saida alitupokea vizuri. Akanipa shikamoo, nikaitikia marahaba, akamkumbatia Biasha, akatuketisha karibu na kompyuta yake. Nilimwambia habari yote bila kupumua. Akanitazama kama mtu anayetaka kucheka akaona haifai. Akasema, "Mama mdogo, hakuna mtoto tuliyemficha. Ngoja nikuoneshe."

Akaandika maneno machache, akabonyeza. Sijui nieleze vipi. Kabla sijafumba mdomo, kioo kilijaa majina. Akaniambia ni watoto elfu moja mia nane arobaini na sita, wote waliopimwa Msimbu, Vihingo, Mzenga na kwingine. Mimi nimeishia darasa la saba, na nilipokuwa shule mwalimu wetu alikuwa anatumia asubuhi nzima kutafuta jina moja kwenye daftari la mahudhurio la miaka ya nyuma. Hapa wilaya ilitoka kwa pumzi moja. Saida akaandika tena, na safari hii ukatoka mstari mmoja tu: jina la Biasha, umri, shule, na mbele yake neno miwani.

Nililia. Mwanangu yupo. Macho yake hayajakwisha. Yupo mle ndani, amekaa na jibu lake, muda wote huo mimi nikifungia vitabu.

Nikamuuliza Saida ni kitu gani hiki kinachojibu hivi. Akasema kinaitwa kanzidata. Nifikirie kabati lenye majedwali ndani yake, akasema, jedwali la watoto, jedwali la vitongoji, jedwali la shule. Huchakuri kwa mkono. Unaandika swali kwa lugha yake, inaitwa SQL, na kabati linajibu. Swali lake la orodha alinitafsiria neno kwa neno: nipe majina kutoka jedwali la watoto, yaunganishe na jedwali la vitongoji pale namba ya kitongoji inapofanana, uchukue wale tu ambao jibu lao ni miwani. Akalituma swali lile mbele yetu. Yakaja majina mia mbili na kumi na mawili. Biasha hakuwamo.

Hapo Saida mwenyewe akasogelea kioo. Mtoto yupo kabatini, ameandikiwa miwani, na ukiomba wenye miwani haji. Akalituma tena, na mara ya tatu, kana kwamba mashine itaona haya. Majibu yakawa yale yale. Akasema orodha inakwenda kwa watengenezaji wa miwani kesho Ijumaa, na ikishakwenda, awamu nyingine ni mwakani.

Mwakani Biasha yuko darasa la saba. Mtihani wa kumaliza shule atausoma na nini?

Nikamshika Saida mkono. Nikamwambia, Saida mwanangu, mimi ni mama yako mdogo, mwandike huyu mdogo wako chini pale kwa mkono, ni jina moja tu, nani atajua. Saida akasita, akatazama mlango, halafu akafungua ile orodha na kuanza kuandika namba mia mbili na kumi na tatu.

Biasha akasema, "Dada Saida, na Halidi?"

Nilimfinya chini ya meza. Hakunyamaza. Akasema Halidi naye aliambiwa anahitaji miwani, na msichana mmoja wa darasa la tano, na wengine, yeye anawajua, na kama yeye anaandikwa kwa sababu dada yake yuko ofisini, wale wenzake dada zao wako wapi. Alisema taratibu, macho yamemlenga Saida lakini najua alikuwa hamuoni vizuri. Nilimwambia ashughulike na yake. Akasema, "Mama, mimi na Halidi tumepimwa siku moja."

Sikujua kwamba bosi wao amesimama mlangoni. Wanamwita Madam Elinipa, mama wa makamo, mwembamba, naye amevaa miwani minene kuliko yote niliyowahi kuona. Biasha akampa shikamoo. Akaitikia, akavuta kiti, akamwambia Saida afute ile namba mia mbili na kumi na tatu. Saida akafuta. Uso wangu ulikuwa unaniwaka, nikangoja kufukuzwa. Badala yake akamgeukia mwanangu akamuuliza ni wangapi anaowajua ambao hawakutoka. Biasha akahesabu kwa vidole, akafika tisa.

"Basi si bahati mbaya ya mtoto mmoja," Madam Elinipa akasema. "Tisa wakikosekana shule moja, swali letu lina tundu. Saida, usilitume tena. Likate."

Nikashangaa swali linakatwaje. Akamwonesha. Ondoa masharti yote, uliza tu wako watoto wangapi. Elfu moja mia nane arobaini na sita. Sasa ongeza sharti moja, wenye jibu la miwani. Mia mbili na thelathini na mmoja. Sasa unganisha na jedwali la vitongoji. Mia mbili na kumi na wawili.

"Wamedondokea hapo," Biasha akasema kabla ya mkubwa yeyote.

Watoto kumi na tisa. Walikuwapo hatua moja, hatua iliyofuata hawapo, na hakuna kengele iliyolia, hakuna neno jekundu lililotokea. Hilo ndilo lililonitia baridi. Mashine ikikosea kwa kelele utashtuka. Hii ilijibu kwa haraka na kwa adabu, na watoto kumi na tisa wakawa wameachwa njiani. Madam Elinipa akamuuliza Saida kama kabla ya kupeleka orodha shuleni alilinganisha hesabu ya kwanza na ya mwisho. Saida akasema hapana. Aliona majina mengi yametoka, akaamini yametoka yote.

Madam Elinipa akaeleza kwamba ukiunganisha majedwali mawili kwa namna ile, anabaki mwenye mwenzake upande wa pili tu. Mtoto asiye na kitongoji hana wa kushikana naye mkono, anaachwa. Saida akasema basi tuwatafute hao. Akauliza watoto ambao kitongoji chao ni sawa na tupu. Mashine ikajibu: hakuna hata mmoja.

Madam Elinipa akacheka kidogo, akamuuliza Biasha, "Wewe unajua umri wangu?"

"Sijui."

"Na umri wa bibi yake Halidi?"

"Sijui."

"Je, mimi na bibi yake Halidi tuna umri sawa?"

Biasha akafikiri. Akasema, "Hatujui."

"Na mashine inasema hivyo hivyo. Kitu kisichojulikana hakiwi sawa na chochote, hata na kingine kisichojulikana. Na mashine ikisema sijui, haikuletei mtu. Saida, usiulize kama pako sawa na tupu. Uliza kama pako tupu."

Lilikuwa badiliko la neno moja. Saida akaliandika, akabonyeza, na wakatokea. Kumi na tisa, mmoja chini ya mwingine. Biasha. Halidi. Yule msichana wa darasa la tano. Nilisogea mpaka pua yangu ikakaribia kioo kama mwanangu na daftari lake. Sijui kama mmewahi kumwona mtu akirudishwa na neno moja. Mimi nimewaona kumi na tisa.

Nilipoyasoma yale majina, nikafahamu jambo ambalo ofisi nzima ile isingelifahamu. Wote nilikuwa nawajua, au najua mama zao. Ni watu wa kuamia.

Kwetu mpunga ukianza kutoa mashuke, familia inahama nyumbani inakwenda kukaa shambani kuwafukuza ndege, na usiku nguruwe pori. Tunajenga dungu, kibanda cha juu ya miti cha kulindia, tunapika huko, watoto wanakwenda shule wakitokea huko. Mabonde yale tunayaita kwa jina la mtu aliyeyafyeka kwanza. Kwa Mwinjuma ni bonde, si kitongoji. Kwenye karatasi za serikali halipo. Mwezi wa tatu nilipoulizwa ninakaa wapi, nilisema pale nilipokuwa nalala, nikihofia nikitaja nyumbani wataleta miwani wakute mlango umefungwa. Wenzangu nao walifanya vile vile. Kijana hakuliona jina kwenye kishikwambi, akaacha patupu.

Nikawaambia. Nilidhani watanilaumu. Madam Elinipa aliandika kila nilichosema kwenye daftari lake, akaniomba nirudie majina ya mabonde, akasema hii ndiyo sehemu ambayo kompyuta haiwezi kuwapa. Nikataja vitongoji vya nyumbani vya watoto kumi na wanne. Kwa wale watano waliobaki tukampigia mwenyekiti wa kijiji.

Saida, kwa furaha, akaanza kuandika marekebisho mara moja. Badilisha jedwali la watoto, weka kitongoji namba kumi na nne. Kidole kilikuwa kinashuka kwenye enta, Madam Elinipa akauweka mkono wake wote juu ya vitufe.

"Unamwekea nani?"

"Biasha, Madam."

"Biasha umemwandika wapi?"

Saida akasoma alichoandika, akaondoa mikono mezani kama mtu aliyeshika sufuria la moto. Hakuandika ni mtoto gani. Mashine ingetii. Watoto wote elfu moja mia nane arobaini na sita wangehamia kitongoji changu kwa kubonyeza mara moja, na hakuna mzazi hata mmoja ambaye angejua. Nimeogopa radi, nimeogopa nyoka wa mpunga, lakini sijawahi kuogopa kitufe kama nilivyokiogopa kile.

Kwanza wakachukua nakala ya jedwali zima wakaiweka pembeni. Kisha Saida akaandika sharti, akauliza ni nani litakaowagusa, akaja mmoja tu, Biasha. Ndipo akabadilisha. Wakafanya hivyo kwa kila mtoto, polepole, saa nzima. Halafu wakalirekebisha lile swali lenyewe, ili siku nyingine liwabakize watoto wote hata asiye na kitongoji, na mbele ya jina lake pabaki wazi paonekane. Wakahesabu mwanzo, mia mbili na thelathini na mmoja. Wakahesabu mwisho, mia mbili na thelathini na mmoja.

Tulipokuwa tunaaga nikamwomba Madam Elinipa msamaha kwa lile la kuandikisha jina kwa mkono. Hakunipitishia hivi hivi. Akanikalisha tena.

"Mama Biasha, angeandikwa huyu peke yake, wewe ungerudi nyumbani umetulia. Saida angetulia. Kesho ningetia sahihi nikijua orodha ni nzima, na tundu lingebaki pale pale, mwakani limeze wengine. Mashine haikuwaficha watoto. Ilijibu ilichoulizwa, basi. Aliyewatoa ni huyu mtoto aliyekataa kutoka peke yake."

Akamwambia Saida kwamba kukosea swali si aibu, kila anayefanya kazi ile hukosea, hata yeye. Kosa ni kuliziba jibu lisilopendeza badala ya kutafuta chanzo chake. Biasha alisikiliza yote, kisha akauliza kama mtu asiyeona ubao anaweza kusomea kazi hii. Madam Elinipa akavua miwani yake, akampa ajaribu. Biasha akaiweka, akapepesa, akairudisha haraka akisema inamzungusha. Tulicheka wote.

Miwani ilikuja baada ya wiki nne. Jicho la Halidi lilikuwa limeshapoa kwa dawa ya zahanati, muuguzi akamwambia Zena ana bahati. Walivishwa darasani, wazazi tukiwa nyuma. Halidi akageuka akamtazama Biasha kwa muda mrefu, akasema, "Miaka sita dawati moja, leo ndiyo nakuona."

"Na mimi nakuona," Biasha akamjibu. "Afadhali ningebaki vile vile."

Halafu wakatazama ubao, wote wawili wamekaa, hakuna aliyeinuka.

Sasa haya ndiyo ya kuepuka. Nimeyaandika kwa jinsi nilivyoyaona na kwa jinsi Saida alivyonisaidia yale ya kwenye mashine.

Usibebe habari ya ugonjwa kutoka kwenye foleni. Muulize aliyekupima.

Usitie jichoni majani, maziwa wala kitu chochote ambacho hukupewa na mhudumu wa afya.

Usimzuie mtoto asiyeona vizuri kusoma. Mpeleke apimwe.

Ukiulizwa unakaa wapi, usitaje shamba peke yake. Taja na kitongoji cha nyumbani.

Ukiandika taarifa za watu, usiache patupu bila kuuliza tena.

Usiamini orodha kwa sababu ni ndefu. Linganisha hesabu ya mwanzo na ya mwisho.

Swali likileta jibu baya, usilitume tena vile vile. Likate, utazame watu wanadondokea hatua ipi.

Usiulize kama kitu ni sawa na tupu. Uliza kama ni tupu.

Usibadilishe chochote kwenye kanzidata kabla ya kuweka nakala na kuona ni nani utakaowagusa.

Usimwombe ndugu yako aliye ofisini akuandikie mwanao peke yake.

Na mtoto akiuliza habari za mwenzake, usimfinye.